Tairi la mistari, la kashata au la meno ya V: lipi lifae guta la matope ya Nyanda za Juu Kusini?

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na upande wa Rungwe huvuka na kuingia Mei. Hiyo ndiyo miezi ambayo viazi, kabeji, ndizi na mbolea hutegemea guta la injini, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu ambayo wengine huiita toyo, na ndiyo miezi ambayo mwenye guta hutambua kama tairi alilonunua Septemba, barabara zikiwa vumbi tupu, lilikuwa la kazi yake au la kazi ya mtu mwingine. Ninamiliki maguta mawili. Moja hushusha viazi kutoka mashamba ya Isyonje hadi Uyole, na la pili liko Mufindi kwa mdogo wangu, ambako hubeba mbao, mbolea na majani mabichi ya chai kwenye njia za udongo mwekundu. Kwa miaka kadhaa tumenunua, tumekosea na tumebadilishana matairi kati ya Mbeya na Mufindi, na jambo moja limenikaa kuliko mengine yote: swali la "tairi gani zuri kwa matope" halina jibu mpaka kwanza useme ni gurudumu lipi na ni tope la wapi.

Maguta mengi ya mizigo huvaa tairi la 5.00-12 au 4.50-12 nyuma, na mbele ukubwa huohuo au ulio mdogo kidogo. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha ringi kwa inchi, na kistari kilicho katikati kinaonyesha kwamba nyuzi za nailoni zilizo ndani zimepishana kwa mshazari, tofauti na matairi ya magari madogo ambayo katikati yana herufi R. Kwa ringi hiyo ya inchi 12 mnunuzi huwa na aina tatu za kuchagua.

Aina tatu zenyewe

La kwanza ni tairi la mistari. Mifereji yake huzunguka tairi zima bila kukatika, na kwa mtu wa lami halina mpinzani: huviringika kwa wepesi, halipigi kelele, hushika vizuri lami iliyolowa kwa sababu mpira mwingi unagusa chini, na huisha taratibu. Kwenye tope udhaifu wake ni mmoja, lakini ni mkubwa. Hakuna kitu kinachokatiza njia, kwa hiyo gurudumu linalosukuma huzunguka papo hapo huku guta limetulia.

La pili ni la kashata, yaani vipande vya mpira vilivyotengana, vyenye mianya ya kwenda mbele na ya kwenda pembeni. Kuna kashata zilizosongamana na kashata zilizoachana, na tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa kuliko wauzaji wanavyoieleza. Ukiweza kupitisha kidole gumba kati ya kashata mbili bila kubanwa, tope lina pa kutokea. Ukishindwa, hilo ni tairi la changarawe lenye sura ya tairi la matope. Tazama pia mabega ya tairi, pale uso unapokutana na ubavu. Kashata zinazoshuka kidogo ubavuni husaidia sana gurudumu linapokuwa ndani ya mfereji uliochimbwa na malori, kwa kuwa hapo tairi hushika kwa mabega zaidi kuliko kwa uso.

La tatu ni la meno ya V, ambalo wengi wetu tulilifahamu kupitia pawatila, yaani trekta dogo la kusukuma kwa mkono. Meno yake yameinuka kama sentimita 2, yamepangwa kwa mshazari kama mshale, na mianya yake ni mipana kiasi kwamba tope hujisukuma lenyewe kwenda nje kila gurudumu linapozunguka. Shambani hakuna linaloweza kulikaribia. Lakini soma ubavuni kabla ya kulipa. Mengi yana alama A6 au A8: A6 ni kilomita 30 kwa saa na A8 ni kilomita 40 kwa saa, nayo ndiyo kasi ambayo tairi limepimiwa kubeba mzigo ulioandikwa. Guta linaloteremka na viazi kwenye lami hupita kasi hiyo bila dereva kutambua, na meno marefu, kwa kuwa hugusa lami kwa vipande vidogo tu, huchemka, huisha kwa upesi na huchelewa kusimama breki inapokanyagwa.

Tairi la V lina pia upande wa kufungwa, na nimekuta maguta mengi yamefungwa kinyume. Kwa gurudumu linalosukuma, ncha ya V ndiyo itangulie kugusa chini, ili tope lisukumwe kutoka katikati kwenda pembeni. Simama nyuma ya guta na utazame tairi: ncha iwe inaelekea juu. Ikiwa inaelekea chini, kila mzunguko unakusanya tope katikati badala ya kulitupa nje, na umelipa fedha ya tairi bora ili upate kazi ya tairi duni.

Gurudumu la mbele lina kazi yake

Kosa langu kubwa lilitokea hapa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Msimu mmoja nililivisha guta la Isyonje meno ya V pande zote tatu, nikiamini kwamba kama meno ni mazuri nyuma hayawezi kuwa mabaya mbele. Mwezi wa Machi dereva wangu alikuwa akishuka kutoka shambani na magunia matano, kwenye njia yenye mteremko na kona ya kushoto iliyopakana na mtaro. Alikata usukani, gurudumu la mbele likageuka kushoto kama lilivyoamriwa, na guta likaendelea kwenda mbele mpaka mtaroni. Aliponipigia simu aliniambia, "Bosi, usukani umekata, guta halijakata." Nilipofika niliiona alama yenyewe kwenye udongo. Haikuwa alama ya tairi linaloviringika. Ilikuwa njia moja pana iliyolainishwa, kana kwamba mtu ameburuta ndoo. Gurudumu lilikuwa limekaa upande likisukuma tope mbele yake, na mianya yote kati ya meno ilikuwa imejaa.

Fundi tairi wangu wa Uyole, mtu mzima aliyefanya kazi ya matrekta ujana wake wote, aliniuliza swali moja tu. "Umewahi kutazama tairi la mbele la trekta la kulimia, lile lisilovuta?" Nikamjibu kwamba nimeliona mara nyingi lakini sikumbuki likoje. "Lina mistari iliyoinuka, inazunguka tairi zima. Huingia kwenye tope kama kisu na halikubali kwenda upande. Gurudumu la mbele la guta halipewi nguvu na injini, sasa wewe unalidai meno ya nini?"

Hoja yake ilikuwa sahihi na nimeishuhudia tangu siku hiyo. Injini ya guta husukuma magurudumu ya nyuma pekee. Kazi ya gurudumu la mbele ni kuelekeza na kusaidia kufunga breki. Linachohitaji ni ukingo unaozunguka tairi, unaozama na kukataa kuserereka kwenda pembeni, wala si meno yanayokatiza njia. Kwa sababu hiyo tairi la mistari ambalo nyuma tumeliona dhaifu, likiwa jipya na mifereji yake ina kina, hulishinda la meno ya V likifungwa mbele. Na tairi la kashata lenye mstari usiokatika katikati na kashata zilizoachana mabegani huyashinda yote mawili. Hilo la mwisho ndilo ninalofunga sasa katika maguta yote mawili, na kama fedha inatosha kununua tairi moja tu jipya kabla ya mvua, mimi huliweka mbele, kwa kuwa guta lililokwama hupoteza saa, ilhali guta lililokataa kukata kona linaweza kumpoteza mtu.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye gari la magurudumu manne hana sababu ya kulijua. Malori yanayopita njia za mashambani huchimba mifereji miwili na kuacha mgongo katikati. Gari dogo hupita mifereji ileile, lakini guta lina gurudumu moja mbele, na gurudumu hilo hulazimika kupanda juu ya mgongo, kwenye majani na tope laini ambalo halijakanyagwa. Ekseli ya guta nayo ni fupi kuliko ya lori, hivyo mara nyingi gurudumu moja la nyuma huwa ndani ya mfereji na lingine liko ubavuni mwa mgongo, na guta zima limelala upande. Katika hali hiyo tairi la mbele lisiloshika pembeni huteleza kutoka mgongoni kwa ghafla na kumpokonya dereva usukani.

Kwa magurudumu ya nyuma sharti ni jingine: yafanane. Yawe ya aina moja, ukubwa mmoja, na yaliyochakaa kwa kiwango kimoja. Difu ya guta, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, hupeleka nguvu kwa urahisi upande ule ambao gurudumu linazunguka bila kizuizi, kwa hiyo ukifunga kashata mpya kulia na kipara kushoto, kipara ndicho kitakachozunguka na kashata mpya itasimama ikitazama. Zaidi ya hayo, matairi yasiyolingana kipenyo huifanya difu ifanye kazi muda wote hata kwenye njia iliyonyooka, na gia zake huchakaa kabla ya wakati.

Tope la wapi?

Udongo wa Umalila na wa milima ya Uporoto umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, hunyonya maji haraka, na mvua ikikatika asubuhi aghalabu mchana njia inapitika. Tope lake halinati sana, lakini hukatika: gurudumu likizunguka papo hapo kwa muda mfupi tayari limejichimbia shimo mpaka kwenye ekseli. Huko kashata zilizoachana zinatosha kabisa, na meno ya V huchimba kuliko yanavyosukuma. Dereva anayejua kuachia mafuta mapema, akarudi nyuma hatua mbili na kujaribu njia ya pembeni, atapita mahali ambapo mwenye tairi la gharama amezama.

Rungwe na Busokelo mvua ni nyingi zaidi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hata hivyo chini ya tope hilo kuna mawe, na jiwe lililolowa halijali urefu wa meno. Kashata zilizosongamana kiasi, zenye mpira usio mgumu sana, hushika jiwe vizuri zaidi, na ubavu imara wa tairi ni muhimu kuliko uso wake.

Mufindi na Njombe ni habari nyingine. Udongo mwekundu wa huko ukishindiliwa na malori ya mbao na ya chai huwa mgumu kama sakafu, na mvua ikinyesha maji hayazami upesi. Sentimita mbili au tatu za juu hugeuka uji, na chini pakabaki pagumu vilevile. Mtu aliyevaa ndala hawezi kupanda kilima chenye tope hilo. Tope la namna hii halizamishi guta, bali hulinyima mahali pa kushika, na ndiyo maana linahitaji tairi lenye tabia tofauti na lile ambalo wengi hulidhania. Tairi jembamba, lenye upepo wa kutosha, hulikata hilo tope la juu na kuifikia sakafu. Tairi pana huelea juu yake na kuteleza. Mdogo wangu aliwahi kubadilisha 4.50-12 kwa 5.00-12 akitaka tairi lenye nguvu zaidi, kisha akashangaa kwamba kilima alichokuwa akikipanda na magunia ya mbolea sasa kinamrudisha nyuma. Alirudi kwenye tairi lake jembamba la kashata, akapunguza mzigo ili tairi lisizidiwe, na kilima kikapandika.

Udongo mwekundu una hila ya pili, nayo ni kunata. Shuka ukatazame tairi lako la nyuma baada ya mita hamsini za tope hilo. Ukiona bado kashata zinaonekana, kila moja peke yake, tairi linafanya kazi. Ukiona duara jekundu, laini, linalong'aa kama chungu kilichotoka kufinyangwa, basi mianya imejaa na unachoendesha ni kipara cha udongo, hata kama tairi limenunuliwa jana. Mianya mipana hupunguza tatizo hili, na dereva naye anaweza kusaidia kwa kuongeza mwendo wa gurudumu kwa sekunde chache mahali pa tambarare ili tope liruke, lakini asifanye hivyo akiwa katikati ya mlima.

Usangu, kuanzia Igurusi na Chimala hadi Ubaruku, ndiko ambako meno ya V yanastahili sifa zake zote. Ule udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa, hauna sakafu ya karibu, na hushika gurudumu kama gundi. Anayetoa mpunga jarubani na kuupeleka kwenye njia kuu, bila kugusa lami isipokuwa kuivuka, asisumbuke kutafuta kingine nyuma. Ajue tu kwamba tairi la pawatila la 6.00-12, ambalo huko hupatikana kwa urahisi, ni refu: kipenyo chake ni takriban milimita 640, wakati 5.00-12 ya kawaida ya mizigo ni takriban milimita 570. Tofauti hiyo ni kama asilimia 12, na maana yake ni kwamba gia zote za guta zimekuwa nzito kwa kiasi hicho. Guta huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko wa injini, lakini nguvu ya kupanda hupungua, klachi hutaabika na breki za nyuma hufanya kazi kubwa zaidi. Kabla ya kuyanunua, hakikisha pia kwamba yanazunguka bila kugusa madigadi na springi za majani guta likiwa limebeba mzigo kamili. Meno ya V ya ukubwa wa 5.00-12 yapo, na kwa guta ndiyo ya kuyatafuta kwanza.

Mzigo na upepo

Tunabeba lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, ingawa serikali imekuwa ikiipiga marufuku, kwa hiyo hesabu na ifanywe kwa lumbesa. Magunia sita ya viazi, tukiyakadiria kilo 120 kila moja, ni kilo 720. Guta tupu tulikadirie kilo 350, na dereva pamoja na mpakiaji wake kilo 130. Jumla ni kilo 1,200, na karibu robo tatu ya uzito huo hukaa nyuma, yaani kilo 900, au kilo 450 kwa kila tairi njia ikiwa sawa. Njia ikilala upande, tairi la bondeni hupokea zaidi. Sasa tazama namba ya uwezo iliyoandikwa ubavuni pamoja na herufi ya kasi. Namba 75 ni kilo 387, namba 80 ni kilo 450 na namba 83 ni kilo 487. Kwa mzigo huo tairi la 75 limezidiwa kabla halijaondoka shambani, la 80 limefika ukomo, na la 83 lina nafasi kidogo. Ninayaandika haya kwa sababu katika maduka tunabishana kuhusu meno na kusahau kwamba tairi lililozidiwa hupasuka hata likiwa na meno ya dhahabu. Neno PR linaloandikwa na namba 6 au 8 linaeleza nguvu ya nailoni yake. Kwa viazi na mbao mimi huchukua 8.

Kuhusu upepo, ushauri unaozunguka ni kwamba ukifika kwenye tope upunguze. Ushauri huo una ukweli, lakini asili yake ni vyombo vingine. Mwaka 1970 Honda ilianza kuuza Marekani chombo cha magurudumu matatu kiitwacho US90, kilichotengenezwa kwa ajili ya mchanga, theluji na matope. Matairi yake yalikuwa mapana kama maputo, yenye upepo mdogo sana, na chombo hakikuwa na springi. Tairi lenyewe ndilo lililokuwa springi. Vyombo vya namna hiyo vilielea juu ya tope kwa sababu vilibeba mtu mmoja, na hata hivyo ajali zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuviuza. Guta lenye lumbesa sita haliwezi kuiga hilo. Likiwa na mzigo, acha upepo katika kiwango kinachotakiwa kwa mzigo huo. Likiwa tupu, likipanda kufuata mzigo, unaweza kupunguza kama theluthi moja kwenye matairi ya nyuma ili uso wake upanuke, mradi una pampu ya kuurudisha kabla ya kupakia.

Matairi yetu yana tyubu, na upepo ukiwa mdogo tairi huanza kujizungusha juu ya ringi polepole, likivuta tyubu pamoja nalo mpaka valvu inang'oka. Njia ya kuligundua hilo ni rahisi: chora mstari mmoja wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye ringi na kuendelea kwenye ubavu wa tairi. Vipande viwili vya mstari vikiachana, tairi limehama. Baridi nayo ihesabiwe. Kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza kama PSI 1 (PSI ni kipimo cha upepo), kwa hiyo tairi lililopimwa Uyole saa nane mchana, kukiwa na nyuzi 25, likiamkia shambani Julai kwenye nyuzi 5 huwa limepungua karibu PSI 4 bila pancha yoyote.

Kabla ya kutoka dukani, tafuta ubavuni tarakimu nne zinazofuata herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Mwaka 2022 nilinunua matairi mawili ya kashata mjini, katika duka ambalo sitalitaja, meno yake yakiwa marefu na mpira ukiwa unang'aa kwa kupakwa dawa. Baada ya miezi minne mbavu zilianza kupasuka mistari midogomidogo, nikaosha tope na kusoma: 1914. Yalikuwa yametoka kiwandani wiki ya 19 ya mwaka 2014 na kukaa miaka minane kabla sijayanunua. Vivyo hivyo sishauri tairi kuukuu lililochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto. Mifereji hiyo huwa imechongwa ndani ya tabaka linalofunika nailoni, na jiwe la kwanza la Rungwe humaliza kazi iliyobaki.

Mnyororo badala ya meno

Kwa guta ambalo lina kilomita tatu za tope na ishirini za lami, na hiyo ndiyo hali ya wengi wetu, naamini kuna chaguo ambalo halipewi uzito unaostahili: tairi la kashata nyuma mwaka mzima, pamoja na jozi ya minyororo inayofungwa siku za mvua tu. Mnyororo unaokatiza uso wa tairi huipenya ile sakafu nyekundu ya Mufindi kuliko jino lolote la mpira, na unapofika kwenye lami unaufungua na kuuweka kwenye ndoo. Fundi alimchomelea mdogo wangu vipande vyake vilingane na tairi lake lenye upepo kamili, na sasa huchukua kama dakika kumi kuifunga yote miwili.

Ifungwe pande zote mbili, kwa sababu ileile ya difu. Mwendo uwe wa mtu anayetembea haraka. Kabla ya kuondoka, guta lisukumwe kwa mkono mzunguko mmoja kamili ili kuhakikisha mnyororo haugusi waya wa breki wala springi. Asiye na mnyororo hufunga kamba ya katani kwa kuizungusha kwenye tairi na ringi, nayo husaidia kweli kwenye udongo mwekundu, lakini hulika ndani ya safari moja au mbili, na ikikatika hujizungusha kwenye ekseli.

Ningenunua nini

Kwa kazi ya Isyonje, Umalila na mahali popote ambapo tope la mashambani huishia kwenye lami ndefu, ninachukua kashata zilizoachana za 5.00-12, PR 8, nyuma, na mbele kashata yenye mstari wa katikati. Kwa Mufindi na Njombe ninachukua kashata za 4.50-12 nyuma, mzigo mdogo zaidi kwa safari, na minyororo. Kwa Usangu meno ya V nyuma na mistari yenye kina mbele. Kwa guta la sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, ambalo tope lake kubwa ni la mtaro uliofurika, mistari pande zote, na ile fedha iliyobaki itengeneze breki.

Tairi la akiba linunuliwe kwa kufuata magurudumu ya nyuma, kwa sababu pancha nyingi hutokea huko na kwa sababu kosa la kuchanganya nyuma ni baya zaidi. Ikiwa ringi za mbele na nyuma zinalingana na linaingia vizuri kwenye foku, kashata ya akiba inaweza kufungwa mbele kwa safari ya kurudi nyumbani, dereva akienda taratibu. La V lisifungwe mbele hata kwa dharura. Ni heri kuazima moja la mistari au kusubiri tyubu izibwe.